Komeo Lililokuwa Nje

Fundi wa mapazia yule majirani walimwita Bi Hakika, na jina alilistahili. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza. Mteja akimsifu sana, humtazama juu ya miwani na kuuliza, "Haya sema, kitambaa umeleta pungufu?" Mara nyingi huwa kweli.

Shaka hiyo ilitoka mbali. Bibi yake mzaa mama alinunuliwa akiwa mtoto, akaingizwa Nyumba Kubwa, ile ya ghorofa kwenye kona ya mtaa. Sheria ya kukomesha utumwa ilipofika, bwana wa nyumba aliwakusanya watu wake uani akawaambia, "Kuanzia leo ninyi ni wanangu. Anayetaka kwenda, mlango ule pale." Nje ya mlango hapakuwa na shamba, wala ndugu, wala mtu aliyejua walikotoka. Bibi akabaki. Kinu kikawa kilekile na mtungi uleule, ila sasa waliitwa watu wa nyumbani.

Binti yake, mama yake Bi Hakika, akalirithi jina hilo. Kila harusi ya Nyumba Kubwa aliitwa kabla ya wageni, akaingia kwa mlango wa jikoni, akasugua masufuria mpaka kucha zikaisha. "Wale ni jamaa zetu," alikuwa akisema.

"Jamaa gani, mama, wasiojua hata mimi naitwa nani?" Bi Hakika aliuliza siku moja, wakati huo ni msichana. Akapigwa kofi. Mwaka uleule alikwenda kujifunza cherehani, na jiko lile hakulikanyaga tena; hata mapazia ya nyumba ile alipoyashona, vipimo aliletewa.

Basi mchana mmoja, uzeeni sasa, pini zimemjaa mdomoni, akamwona bibi wa Nyumba Kubwa, mwenye nyumba wa sasa, amesimama mlangoni pake, bintiye mwalimu nyuma yake.

"Hodi, dada yangu."

Dada! Bi Hakika alizitema pini kiganjani. Wamezeeka mtaa mmoja, leo ndiyo wamekuwa ndugu? Machale yakamcheza.

"Karibuni. Kuna msiba?"

"Msiba wa nini tena! Tumekuja kukusalimu."

"Salamu nimezipokea. Na la pili?"

Mgeni akacheka, akajikalisha. La pili lilikuwa hili: vyumba vya chini vya Nyumba Kubwa vinafanywa makumbusho ya utumwa, na vitafunguliwa siku ya kuadhimisha ile sheria. Wageni watatoka mbali. "Tunataka usimame useme. Wewe una ulimi mzuri, watu wanakuheshimu. Sema tu kwamba bibi yako alilelewa kama mtoto wa kuzaa. Kwetu hayakuwa mambo ya kule ng'ambo, ya minyororo na viboko mashambani."

Bi Hakika alijua kilemba cha ukoka kinavyofungwa. Akamtupia jicho yule mwalimu, aliyekuwa kimya akitazama vipande vya vitambaa sakafuni. Huyu asiyesema, aliwaza, ndiye wa kuogopwa.

"Nitakuja nione kwanza," akajibu.

Kesho yake akaenda, akaingia kwa mlango wa mbele. Ndani kulinuka rangi mbichi. Chini ya ngazi kilikuwapo chumba alicholala bibi yake na wasichana wengine, na mlangoni seremala alikuwa akiziba matundu ya misumari.

"Fundi, komeo lilikuwa wapi?"

"Huku nje, mama. Mwenye nyumba kasema nilihamishie ndani. Eti wageni hawataelewa."

"Wataelewa," alisema Bi Hakika. "Hiyo ndiyo shida yake."

Akaingia, akauvuta mlango. Hapakuwa na dirisha. Alinyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili kwa pamoja. Ndipo lile kofi la mama yake likamjia upya, na safari hii hakulionea hasira. Mama alikuwa anaogopa maneno yale yasikike Nyumba Kubwa.

"Mama, uko humo?" Ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Umetumwa?"

"Hapana. Nataka uniambie komeo lilikuwa upande gani."

"Kamuulize mama yako."

"Nimemuuliza. Anasema ndani."

Bi Hakika akafungua mlango, akamkagua kama anayekagua kitambaa cha mkopo. "Na wewe hapo unapata nini?"

Yule binti akayatazama matundu ya misumari. "Nafundisha historia. Nawasomesha watoto utumwa wa dunia nzima, isipokuwa wa nyumba hii."

Jibu lilikuwa zuri, na majibu mazuri ndiyo Bi Hakika asiyoyaamini. Hata hivyo alimgeukia seremala. "Rudisha nje." Seremala akamtazama mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Siku yenyewe Bi Hakika alisema maneno machache. "Bibi yangu alikuwa akifungiwa usiku kama kuku. Mtoto wa kuzaa hafungiwi. Na waliomwambia yuko huru hawakumwambia aende wapi." Bibi wa Nyumba Kubwa akawa anazungusha bangili zake.

Tangu hapo mapazia ya nyumba ile hushonwa kwingine, na salamu zimekatika. Mwalimu ndiye huja Jumamosi, hukaa kwenye kigoda cha wateja na kuuliza habari za zamani. Bi Hakika humsimulia kidogo kidogo, kamwe si zote. Mwalimu akiaga, Bi Hakika husimama mlangoni akimsindikiza kwa macho mpaka akunje kona, ajue anaelekea wapi.