Mkaa Uliochoka

Shemeji yangu Sumari si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mlevi au mkorofi ningemchukia nikapumzika.

Anafanya kazi kwenye ghala la kiwanda cha kusindika ngozi, nje kidogo ya Arusha. Humo ndani hewa inanuka mayai viza, tena ni kali, inakula hadi nyaya za umeme. Kwa hiyo waliweka tangi kubwa lenye mkaa maalumu. Feni inavuta hewa ya ghala, inaipitisha kwenye ule mkaa, uchafu unanasa, hewa inatoka safi. Mkaa ukichoka, Sumari anautoa na kujaza mwingine. Kazi hiyo anajivunia, anasema analinda mapafu ya wenzake.

Mkewe, mdogo wangu Eunike, alikuwa na pumu tangu utotoni. Kwao Maji ya Chai, mwezi wa saba baridi ya Meru haina huruma, na ilimtesa kila mwaka. Sumari akaona ule mkaa unatupwa nyuma ya ghala, mweusi, mkavu, haujawahi kuwashwa. Jamani, nani kwetu huku ataacha mkaa uende jalalani? Akaleta viroba nyumbani.

"Mama Angel, mwaka huu hutasikia baridi," alimwambia mbele yangu, uso umejaa furaha. Akawasha jiko uani, likashika, akaliingiza chumbani na kufunga dirisha. Loo! Chumba kizima kikanuka kama njiti za kiberiti.

"Shemeji, mkaa gani huu?" nikamuuliza.

Akacheka. "Nawe Elinipa kwa kuchagua! Wa kiwandani huo."

Eunike akazidi kukohoa. Na huyu bwana, kila akimsikia anakohoa, anasema ni baridi, anaongeza mkaa. Alimpenda mno, sitamsingizia. Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, pumzi zilimwishia Eunike mikononi mwa mumewe, gari la kumpeleka hospitali bado liko njiani.

Msibani alikuja Reginald, msimamizi wa Sumari. Akawakuta akina mama wanachota mkaa kwenye kiroba ili wachemshe chai. Akaokota kipande, akakinusa, uso ukambadilika.

"Sumari, huu si wa kwenye tangi? Mnaupikia?"

"Ndiyo, bosi. Si umeshachoka? Hauna kazi tena."

"Umechoka maana yake umejaa! Uchafu wote ulionaswa umo humo. Ukiuwasha, unatoka."

Nilimpandia juu. "Na ninyi mlishindwa nini kumwambia? Mdomo mlikuwa hamna?"

"Mama, tulidhani anajua," akasema, hanitazami.

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Lakini Sumari alinishika mkono. Hakuwa analia.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "asubuhi ile alinisihi nilitoe jiko nje. Nikamkatalia. Nilimwambia atapata baridi."