Safari ya Jangwani Iliyoishia Igunga

Kwa miaka thelathini na sita Mwalimu Swaumu Nurdini alichora jangwa ubaoni kwa chaki ya njano. Alianza na mstari uliopanda na kushuka, akatia vidoto vya mchanga, kisha ngamia ambaye watoto wa shule yake ya Ipuli walisema anafanana na mbuzi aliyemeza mtungi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona jangwa. Alizaliwa mtaa wa Chemchem, nyumbani kwa fundi viatu, akasomea ualimu hukohuko Tabora, akaolewa mtaa wa tatu kutoka kwao, akafiwa na mume wakiwa na binti mmoja tu, Najiat. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Dodoma, kwenye semina ya siku mbili, na siku zote mbili mvua ilinyesha.

Mkabala na darasa lake, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na kibanda cha fundi cherehani mmoja aitwaye Veridiana. Alikuwa mdogo kwa Swaumu kwa miaka kumi. Alizaliwa Ulyankulu, katika makazi ya watu waliotoka Burundi, akaja mjini na cherehani ya mguu baada ya ndoa yake kuvunjika. Hakujaliwa mtoto. Alishona sare za shule, na kwa kuwa Swaumu alikuwa mtu wa kuchagua sana nguo, akazishona na zake. Urafiki wao ulianzia kwenye mikono ya gauni iliyokosewa, wakagombana, Veridiana akaifumua na kuishona upya bila kudai chochote, na kesho yake Swaumu akampelekea bakuli la wali wa nazi. Baada ya hapo hawakuachana. Swaumu akitoka darasani saa kumi, aliketi kwenye kibao cha wateja mpaka adhana ya magharibi.

Mwaka 2022, siku moja, Veridiana alimwekea simu mbele ya uso.

"Mwalimu, hili ndilo lile unalowachorea watoto?"

Ilikuwa video fupi ya jangwa la Chalbi, kaskazini kabisa mwa Kenya. Uwanda mweupe, mtupu, na kwa mbali ngamia wakipita kwa mstari. Swaumu aliitazama mara nne.

"Ndilo," akasema. "Ila langu lina ngamia mzuri zaidi."

"Nimelisikia somo lako miaka kumi na moja, maana hufungi dirisha. Sasa nataka kuliona. Twende, sisi wawili. Wiki nzima, kutembea tu."

Swaumu akacheka. Veridiana hakucheka.

"Wazazi wangu walivuka mpaka wakikimbia, mama amebeba sufuria na dada yangu mgongoni. Mimi tangu nizaliwe sijavuka mpaka wowote. Nataka nivuke siku moja nimevaa miwani ya jua."

Hapo ndipo mpango ulipoanza. Swaumu, kama mwalimu, alinunua daftari la kurasa mia na kuliwekea jalada la karatasi ya kaki. Aliandika njia yote: Tabora hadi Singida, Singida hadi Arusha, Namanga, Nairobi, halafu basi la kwenda Marsabit, na kutoka hapo gari la kukodi. Jangwani kwenyewe aligawa siku saba. Siku ya kwanza kupumzika Kalacha, kwenye chemchemi yenye mikoche, mitende ya porini. Ya pili, uwanda wa chumvi. Ya tatu, vilima vya mchanga. Ya nne aliiandika "kukaa tu," kwa sababu Veridiana alisema hataki kukimbizwa kila siku kama mwanafunzi. Walimpata kwa simu dereva mmoja wa Marsabit, mtu mcheshi, akawaambia waje na mashuka mazito kwani upepo wa huko haujui adabu. Kila alipotajwa, Veridiana aliangua kicheko.

Veridiana alipata pasipoti yake mwanzoni mwa mwaka 2023. Alikuwa ameshapewa uraia siku nyingi, lakini kile kijitabu kilimtoa machozi. Alikishonea kifuko cha kitenge chenye zipu.

Walipanga kwenda Julai. Mwezi Mei Najiat akaposwa, na upande wa mume wakataka ndoa ifungwe Julai hiyohiyo.

"Utanisamehe," Swaumu akamwambia rafiki yake. "Tutakwenda mwakani. Jangwa halina miguu, litatusubiri."

Veridiana alishona nguo zote za harusi ile. Kwenye shela ya bibi harusi, shanga za upande wa kushoto zilikaa kombo, na Swaumu aliyaona makosa yale akayanyamazia, akidhani ni uchovu.

Mambo mengine pia aliyaona asiyatilie maanani. Watu wa Ipuli walianza kusema kwamba fundi Veridiana siku hizi anajisikia, ukimwamkia kwa ubavuni haitikii. Alikuwa akipindua glasi za chai. Aliacha kuchukua kazi za kutarizi, akasema hazimlipi. Kutunga uzi kwenye sindano alimpa Swaumu, na Swaumu alikuwa akimtania: "Mimi ndiye mzee, wewe ndiye unayetungiwa uzi."

Mwaka 2024 Swaumu alitimiza miaka sitini na kustaafu mwezi Juni. Keki ilikatwa, watoto wakaimba, akapewa jozi ya vitenge na saa ya ukutani. Safari ilikuwa tayari, wiki ya pili ya Julai. Kisha mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwomba kwa unyenyekevu mkubwa abaki kuwasaidia darasa la saba mpaka mtihani wa Septemba, kwa kuwa mwalimu wa kushika nafasi yake hajaletwa. Alisema bila yeye watoto watafeli. Swaumu alijua kwamba hawatafeli. Lakini alipenda kuombwa, na jambo hilo alikuja kulikiri baadaye kwa kinywa chake mwenyewe.

Alipomweleza Veridiana, yule alikuwa anashona mfuko wa shati. Akasimamisha cherehani.

"Twende Julai, Mwalimu."

"Ni miezi miwili tu."

"Twende Julai. Nakuomba."

"Veri, ni watoto wa watu. Septemba katikati, mtihani ukiisha, kesho yake tunapanda basi. Naapa."

Veridiana alirudisha mfuko wa shati chini ya sindano. Alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Mimi ningependa Julai," kisha akaendelea kushona.

Mwishoni mwa Agosti, saa tano asubuhi, jua likiwaka, Veridiana alitumbukia kwenye mtaro karibu na soko. Mtaro wenyewe ulikuwepo pale miaka yote. Swaumu alitolewa darasani, akamkuta ameketi kwenye ukingo, goti linavuja damu, watu wamemzunguka.

"Hukuuona?"

"Niliteleza."

Swaumu akamlazimisha kwenda hospitali. Goti lilisafishwa, na muuguzi, baada ya kumwona akipapasa mlango, akawapeleka kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa kijana mpole. Alifungua faili, akashangaa, akamgeukia Swaumu.

"Mama huyu tulimwambia tangu mwaka juzi. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Dawa ya matone inachelewesha tu. Kilichopotea hakirudi." Kisha akauliza, "Wewe si ndugu yake? Hukujua?"

Swaumu alimshika Veridiana mkono, wakatoka.

Nje, chini ya kibaraza cha hospitali, waliketi kwenye benchi la saruji. Swaumu alikuwa analia. Veridiana hakulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipeleka kama mgonjwa. Nilitaka twende kama wanawake wawili waliojiamulia kutembea."

"Ningekwenda ile Julai ya kwanza! Harusi ingesogezwa!"

"Mimi nisingekubali harusi ya Najiat isogezwe. Ile sikukulaumu." Alikunja na kukunjua kifuko cha dawa mkononi. "Hii ya pili nilikuomba."

Swaumu alitaka waondoke kesho yake. Veridiana akakataa, akasema mtihani ni ahadi na safari imepangwa Septemba, na kwamba jicho la kulia bado linaona vya kutosha. Kila siku Swaumu alimuuliza, na kila siku alijibiwa, "Naona, Mwalimu, naona." Mtihani ukaisha. Wakafunga mabegi. Veridiana alijishonea gauni la rangi ya maji ya machungwa, na hakuna aliyejua alilishonaje, maana mishono yake ilinyooka.

Basi liliondoka Tabora alfajiri. Veridiana alikaa dirishani, miwani ya jua usoni, pasipoti ndani ya kifuko cha kitenge mapajani. Alikuwa na furaha. Walikula mayai ya kuchemsha, wakamkumbuka yule dereva wa Marsabit, wakacheka. Baada ya Nzega, Swaumu akasinzia.

Basi lilisimama Igunga abiria wapate kujinyoosha. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara nyuma ya stendi, vumbi limesimama, na uwanda ulienda moja kwa moja mpaka macho yachoke. Veridiana alikuwa ameegemea kioo.

"Mwalimu, ile nyeupe pale ni nini? Ni chumvi?"

Swaumu akaamka, akatazama. Hapakuwa na kitu cheupe. Kulikuwa na jua tu, limegonga kioo.

"Ipi, Veri?"

"Ile. Mbele yangu hapa."

Swaumu alimgeukia, akaitazama miwani yake. Kisha akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Pale kuna ng'ombe wanavuka. Kama arobaini. Nyuma yao kuna nyika kavu, kubwa, na kwa mbali vilima vya bluu. Nitakueleza kila kitu, usijali. Tukifika huko nitakueleza kila kitu."

Veridiana alivua miwani. Macho yake yalikuwa yanaelekea kwenye kioo, lakini hayakuwa yanatazama popote.

"Tangu Jumatano," akasema. "Nilidhani ni mawingu, kwamba yatapita."

"Veri, twende hivyohivyo. Utausikia upepo, utaushika mchanga. Nitakuwa macho yako."

"Somo lako nimelisikia miaka kumi na tatu kupitia dirishani. Nilikuwa nakwenda ili nisisimuliwe tena." Akakikumbatia kifuko cha pasipoti. "Nirudishe nyumbani. Tafadhali. Nirudishe sasa hivi, kabla basi halijaondoka."

Swaumu alimsihi. Alimshika mikono yote miwili, akamsihi mbele ya abiria, mpaka mama mmoja wa kiti cha nyuma akaanza kulia bila kujua kisa. Veridiana alitikisa kichwa tu. Wakashuka. Utingo akawatolea mabegi, basi likaenda zake Singida, nao wakabaki kwenye benchi la stendi ya Igunga, wakisubiri gari la kurudi. Walisubiri saa tatu. Swaumu alimnunulia soda, haikunywewa. Watu waliopita waliliona gauni lile zuri la rangi ya machungwa, wakawauliza kama wanakwenda harusini.

Wiki iliyofuata kaka yake Veridiana, Nsabimana, alikuja na gari la mizigo kumchukua ampeleke Ulyankulu, kwenye mji wa familia, ambako kulikuwa na watu wa kumshika mkono. Kibanda kilifungwa. Cherehani ilipakiwa pamoja na godoro. Swaumu alisimama barabarani mpaka gari likapotea, kisha akaingia kwenye darasa ambalo halikuwa lake tena, akaketi kwenye dawati la mbele. Mlinzi ndiye aliyemtoa.

Najiat alimwambia mama yake aende Chalbi peke yake, kwa kuwa nauli ipo na nguvu zipo. Swaumu alimjibu vibaya, na Swaumu hakuwa mtu wa kujibu watu vibaya. Hakwenda. Alikonda. Alipoulizwa na wanawake wenzake msikitini, alisema ni uzee.

Alianza kwenda Ulyankulu kila Jumapili ya pili, kwa basi la asubuhi. Mara za kwanza Veridiana alimpokea kama mgeni. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Wakaulizana afya, wakazungumzia mahindi, bei ya tumbaku, mke wa Nsabimana aliyejifungua mapacha. Swaumu alimletea redio ndogo, akaambiwa asante. Alijaribu kuomba msamaha mara mbili, na mara zote mbili Veridiana aliita mtoto alete maji.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, mvua ilikuwa inanyesha na wote wawili walikuwa wameketi barazani wakipukuchua maharage. Vidole vya Veridiana vilikuwa vinakwenda haraka kuliko vya Swaumu. Bila kuinua kichwa, akasema:

"Unajua, Mwalimu, nilikaa na jambo hili nikiomba liniondoke. Hata kwa padri nimelisema. Nilikuomba mara tatu siku ile, ukachagua kuombwa na wengine."

"Ni kweli," Swaumu akasema. "Nilipenda kuombwa. Hakuna kingine."

Mvua ikanyesha. Veridiana akachukua ganda jingine, akalipasua kwa kidole gumba.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nikikusamehe nitakuambia. Sitaki kukudanganya kwa sababu umekuja kwa basi." Akapapasa ungo mpaka akaufikia mkono wa Swaumu, hakuushika, aliugusa tu na kuusogeza pembeni apate maharage yaliyokuwa chini yake. "Lakini usiache kuja. Siku usiyokuja, Jumapili inakuwa ndefu sana."

Swaumu alijifuta macho kwa pembe ya mtandio, akavuta rundo jingine la maharage upande wake.