Kiti cha Nyuma

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa Julai, baridi ikiwa imelala juu ya mashamba ya kahawa ya kijijini kwetu Gakindu tangu asubuhi, nilimpoteza Mzee wangu. Siku hiyo naikumbuka bila kujitahidi. Nilimpoteza yeye, na pamoja naye nikapoteza safari moja iliyokuwa yetu wawili. Sasa nina mvi, na bado naitamani safari hiyo.

Mwanangu, wiki iliyopita uliniletea pikipiki yako kubwa hapa gereji. Ulitaka niipunguze uzito, niiinue nyuma, ikate kona upesi na iwe nyepesi kuondoka. Niliponyamaza ulidhani sijui kazi hiyo. Naijua. Niliifanya kwa pikipiki yangu mwenyewe nikiwa kijana kama wewe, ndiyo maana sikukujibu siku ile.

Yangu ilikuwa nzito, ya safari ndefu, kuukuu, niliyoinunua mnadani. Ilikuwa na masanduku mawili ubavuni na kiti kipana, laini, cha watu wawili. Nilikuwa fundi hapa Nyeri, na kila Jumamosi nilienda nyumbani Gakindu. Mzee alikuwa na nyonga mbovu. Magari ya abiria yalimtesa, lakini kwenye kile kiti aliketi wima, mkono mmoja begani mwangu, na kwa ule mwingine akisalimia watu wa sokoni kana kwamba yeye ndiye chifu. Aliniita Baba, kwa kuwa mimi ni kifungua mimba wake na nina jina la baba yake. Ndivyo ilivyo kwetu. Mimi nilimwita Mzee.

"Baba," aliniambia Jumamosi moja, "utanipeleka Doldol lini?"

Zamani, kabla sijazaliwa, alikuwa akienda Doldol kununua mbuzi wa kuuza huku kwetu. Safari moja alishikwa na homa, akalala wiki tatu katika boma la mfugaji aliyeitwa Parsaloi. Walimpa supu, wakamfunika, wakamwangalia usiku na mchana. Katika wiki hizo ndipo nilipozaliwa, yeye akiwa huko. Alipopona alirudi nyumbani mbio, kisha shamba likamshika, biashara ya mbuzi ikaisha, na hakurudi tena Doldol. Simu hawakuwa nazo. Alitaka jambo moja tu, kunisimamisha mbele ya Parsaloi.

"Nataka aone ni nani alikuwa ananingojea nyumbani," alisema.

Nilimwahidi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nitengeneze pikipiki."

Mwanzoni nilisema kweli. Breki zilikuwa zimechoka, na ukishapita Nanyuki barabara wakati huo ilikuwa mawe na vumbi. Lakini breki zilipokuwa sawa sikuenda.

Kulikuwa na askari mmoja wa trafiki, Wafula, mtu wa Bungoma, rafiki yangu. Alikuwa na pikipiki nyepesi, na kwenye kona za barabara ya Mukurweini aliniacha kila mara. Akifika mbele aliegesha, akavua helmeti, akanisubiri ili anicheke.

"Fundi, hiyo ni pikipiki ama ni sofa?"

"Ni pikipiki."

"Basi leta chai, tukae!"

Ningemwambia kwamba sofa hiyo ndiyo inayombeba baba yangu. Sikumwambia. Nilicheka naye, na kesho yake nikaanza kazi.

Nilitoa masanduku. Nilishusha usukani ili niiname. Nilitia mafuta mazito kwenye miguu ya mbele, ile inayoshika gurudumu, ili isizame nikishika breki, nikaweka springi ngumu nyuma na kuinua mkia kwa upana wa vidole vinne. Niliagiza matairi kutoka Nairobi. Mwishowe nikaona kile kiti kinaharibu sura yote. Nilikitoa pamoja na vikanyagio vya abiria, nikaweka kiti chembamba kama kibao, na kile kipana nikamuuzia mtu wa mji wa Kenol.

Kila Jumamosi Mzee aliuliza, na kila Jumamosi nilikuwa na jibu. Bado springi. Bado matairi.

"Kwani ile ya zamani ilikuwa na shida gani?" aliuliza.

"Mzee, safari ni ndefu."

"Mimi siko na haraka ya kufika, Baba. Niko na haraka ya kuenda."

Nilimwona kama mtu asiyeelewa mambo ya mashine.

Sitakudanganya, pikipiki ilikuwa tamu. Ukiifikiria kona, tayari imeshaingia. Nilimpita Wafula, nikamsubiri mbele, naye akafika akitikisa kichwa. "Wewe! Sasa hiyo ni mnyama!" Nilitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Mzee tuko tayari. Alitoka na koti lake la kanisani, kofia, na blanketi jipya alilomnunulia Parsaloi. Aliizunguka pikipiki. Akanishika bega, akainua mguu, ukakwama nusu ya njia. Tukaleta kigoda. Akapanda juu yake, nikamsukuma, akafika, lakini mkia ulikuwa juu mno akawa ananiteremkia mgongoni, na miguu haikuwa na pa kukanyaga. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Tukamshusha polepole.

"Hii imekuwa ya watu wa sarakasi," akasema, akacheka kidogo. Kisha: "Kiti yangu iko wapi?"

"Niliiuza."

Alikunja lile blanketi tena, ingawa lilikuwa limekunjwa vizuri. "Haya, Baba. Si kitu. Tutaenda siku ingine."

Nilienda Kenol kesho yake. Yule mtu alikuwa amekwisha kukikata kiti ili kiingie kwenye pikipiki yake. Nikarudi, nikashusha mkia, nikarudisha vikanyagio, nikaanza kuunda kiti kingine kwa mbao na sponji. Nilikuwa nashona ngozi ya juu nilipoitwa hospitali. Mzee alikuwa na nimonia. Alilala siku nne. Aliniuliza kama kahawa imechumwa. Doldol hakuitaja. Ningependa kukuambia kwamba alinisamehe, lakini hakusema, na mimi sikuuliza. Nikiendesha peke yangu mpaka leo, bega langu la kulia linangoja ule mkono.

Mwanangu, mwendo si dhambi, wala sikukatazi. Ilete pikipiki. Nitaanza na breki, kisha matairi, kisha springi, kwa sababu pikipiki isiyosimama haina haja ya kukimbia. Lakini springi hupimwa kwa uzito wa watu watakaoketi juu yake, kwa hiyo kabla sijashika spana nitakuuliza nani huketi nyuma yako. Usinijibu kwa haraka. Na kama yuko mtu uliyemwambia angoje kwanza pikipiki iwe nzuri, mpeleke sasa, kwa pikipiki hiyo hiyo mbaya, mwende polepole, msimame kila anapochoka. Mkirudi na vumbi, nitaifanya kazi yako yote kwa moyo mweupe.

Mungu akuchunge katika kila kona, akurudishe nyumbani mzima, na amwongezee siku yule anayekushika bega.

Mimi nilimaliza kushona kile kiti baada ya mazishi. Mwezi wa Agosti nililifunga lile blanketi la Parsaloi juu yake, nikaenda Doldol. Niliuliza sokoni penye mbuzi, nikaonyeshwa boma. Parsaloi alikuwa ameketi kwenye gogo nje, mzee sana, lakini macho yake yalikuwa makali.

"Wewe ni wa nani?"

Nilimweleza. Akashika mdomo.

"Yule Mkikuyu wa homa?"

"Ndiye."

"Huyo alitusumbua! Kila asubuhi anauliza, mtoto amezaliwa? Nani atajua, na Gakindu ni mbali? Mama yangu akachoka. Akamwambia, amezaliwa, ni kijana, sasa lala. Alidanganya tu, ndiyo mgonjwa alale. Na kumbe ni wewe!" Alicheka mpaka akakohoa, akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani. Kisha akatazama nyuma yangu, kule nilikoegesha. "Na yeye yuko wapi?"

"Tulimzika mwezi uliopita. Alitaka kuja. Mimi ndiye nilimchelewesha."

Hakuniuliza nilimchelewesha na nini. Alisogea kwenye gogo akanipa nafasi, nikaketi.