Gundi Tumboni mwa Karani

Mbwa wa fundi makochi aliitwa Karani kwa sababu alimkagua kila mteja aliyeingia karakana kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akarudi kulala chini ya meza kana kwamba ameshapiga muhuri. Tangu fundi afiwe na mkewe, na watoto kila mmoja ashike njia yake, Karani ndiye aliyebaki wa kuzungumza naye. Na alizungumza naye kweli, akimlalamikia vitambaa vya siku hizi na wateja wenye maneno mengi.

Siku ya mkasa, kochi la mteja mmoja msumbufu lilikuwa tayari, linasubiri gari tu. Fundi alipofungua karakana alilikuta limechanwa pembeni, sponji limetapakaa sakafuni, na Karani amekaa katikati ya uchafu huo anatikisa mkia.

"Leo utanitambua!" fundi alifoka. Akamfungia humo humo, bila chakula wala maji, akaenda kutafuta kitambaa kingine. Huko dukani alikutana na rafiki wa zamani, wakakaa, soga zikanoga. Kila mbwa alipomjia akilini, alijiambia: mwache, ashike adabu.

Aliporudi jua lilikuwa limeshapoa. Karani alikuwa amelala ubavu, tumbo limemjaa kama ngoma, anahema kwa shida. Kando yake kulikuwa na chupa ya gundi iliyotafunwa, ile gundi inayofura ikipata unyevu. Fundi aliijua chupa hiyo. Ni yeye aliyeibwaga chini asubuhi kwa hasira, hata kifuniko hakukijali.

Alimbeba mpaka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mpole aliyekuwa karibu kufunga. Daktari alimbonyeza Karani tumbo, akauliza, "Amekula nini, mzee?"

"Sijui, daktari. Labda mfupa."

Uongo ulimtoka wenyewe. Angesemaje mbele ya daktari kwamba alimfungia mnyama na njaa? Daktari akaanza kuvuta dawa ya kumtapisha. Fundi aliitazama sindano ikijaa.

"Ni gundi," alisema mwishowe. "Gundi ya makochi. Nilimfungia nayo."

Daktari aliiweka sindano mezani taratibu. "Ningemtapisha, ingemkaba kooni akafa mikononi mwangu." Hakumlaumu. Heri angemtukana. "Huko tumboni imeshakuwa kama jiwe. Lazima apasuliwe sasa hivi, na malipo ni kabla."

Alipotaja gharama, fundi alikaa kwenye benchi. Pesa hizo alikuwa nazo kwenye simu, ila hazikuwa zake. Ndugu walikuwa wamechanga ili dada yao mkubwa aondolewe mtoto wa jicho, wakamkabidhi yeye azitunze kwa kuwa ndiye waliyemwamini. Alimtazama Karani. Karani naye alimtazama yeye.

"Nitazirudisha kabla dada hajajua," alijiambia, akabonyeza namba ya siri.

Daktari alitoa donge gumu la njano, kubwa kuliko ngumi, na Karani akaishi. Fundi alimshonea kola ya sponji asilambe mshono, akamlisha uji kwa kijiko, akahamishia godoro karakana ili amsikie akilia. Kilichomuumiza ni kwamba mbwa hakununa hata kidogo. Aliulamba mkono ule ule uliofunga mlango.

Dada alipopiga simu, fundi alimpiga chenga. "Hospitali wamesogeza tarehe, dada. Vumilia kidogo." Huku nyuma aliuza cherehani yake nzuri, akashona usiku na mchana kwa ile mbovu. Pesa zilikuwa karibu kutimia mpwa wake alipompigia.

"Mjomba, mama kajiunguza. Alidhani anashika mfuniko, kumbe ni moto wenyewe."

Alimkuta dada kitandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Dada, hospitali hawakusogeza tarehe. Niliisogeza mimi." Akaeleza yote, kuanzia kochi mpaka kwa daktari, bila kujipunguzia lawama.

Dada aliuliza, "Mbwa amepona?"

"Amepona."

"Alhamdulillahi. Lakini kwa nini hukuniambia, mdogo wangu? Ungesema, dada, mbwa wangu anakufa. Ningekwambia chukua. Umeninyima hata nafasi ya kukupa." Akageukia ukutani. "Nenda sasa. Mkono unaniuma."

Mwezi uliofuata fundi alimpeleka mwenyewe hospitali, na pesa zilikuwa kamili. Bandeji za macho zilipoondolewa, dada aliomba aletewe huyo mgonjwa mwenzake. Akamkagua Karani kwa kitambo, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe una sura mbaya hivi! Na wewe ndiye uliyepanga foleni mbele yangu!"

Fundi alicheka pia, lakini kicheko hakikumtoka rohoni. Siku hizi michango ya ukoo inakwenda kwa mdogo wao wa mwisho. Hakuna aliyesema sababu, wala yeye hakuuliza. Na kila dada anapomwandalia chai, fundi hukitazama kikombe tu, asiuone mkono unaomkabidhi, ambao ngozi yake imekunjamana na haitanyooka tena.