Nimesomea Maziwa

Miaka ile ya ujamaa, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi, nilipelekwa kijiji kimoja cha Korogwe, chini ya milima ya Bungu. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nimesomea maziwa. Kesho yake asubuhi nilikuta ng'ombe wawili wamefungwa mlangoni pangu, chuchu zimevimba. Niliona aibu kumsahihisha mtu mzima, nikawakanda kwa maji ya moto.

Siku ya tatu likaja jambo langu hasa. Wakati wa masika mto ulikuwa umeingia kwenye bwawa la kijiji mwekundu kwa tope, na sasa maji ya upande wa ukutani yamegeuka kijani. Watu wakasema ni sumu. Mbiu ya msaragambo ikapigwa: kila mtu aje na jembe, ukuta ubomolewe, maji yaende zake. Perege wote wa kijiji wangekwenda nayo. Nilishuka bwawani nikipanga hotuba tatu, zote mbaya.

“Shikamoo, mzee,” nilimwambia mwenyekiti. “Naomba msibomoe. Hili ndilo nililosomea. Maziwa yale ya maji.”

“Ya maji?” mama mmoja akadakia. “Hayo wanatuuzia kila siku Korogwe mjini, baba. Na hawakuyasomea.”

Watu wakaegemea majembe wakicheka. Nikaeleza hivyo hivyo. Hata kwenye maziwa makubwa, mto huleta tope pamoja na rutuba ya mashambani. Penye tope zito jua halipenyi, kwa hiyo vijimea vya majini haviongezeki hata chakula kikiwa tele. Tope likitua, mwanga unaingia, navyo vinashamiri mpaka maji yanakuwa kijani. Samaki hula humo.

“Basi kunywa,” mwenyekiti akasema, akanichotea kata.

Niliitazama kata ile. Vijimea vingine vina sumu kweli, na hadubini sikuwa nayo.

“Siwezi, mzee. Sijui hivi ni vya aina gani.”

“Mganga anaogopa dawa yake,” mama akasema.

Mwenyekiti hakucheka. Aliagiza wavu utupwe pale mto unapoingilia, ambako bado palikuwa na tope. Ukatoka na majani matupu. Ukatupwa penye kijani, wakatoka perege wanene. Akampasua mmoja, tumboni mlikuwa na uji wa kijani.

“Samaki anakula, msomi hanywi,” alisema. “Nawaamini wote wawili. Ukuta ubaki. Maji ya kunywa tutachimba kisima.”

Majembe yalikuwepo, tukaanza papo hapo. Nilichimba nikiwaza kama tulikuwa mbali vya kutosha na bwawa. Mwishowe nikasema tusogee hatua kumi. Wakasogea, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.