Kichuguu cha Eustadia na Mtani wa Pwani

Eustadia Masolwa wa Itetemia alirithi kwa mama yake kichuguu, na kila mvua za kwanza kilimpa kumbikumbi wa kula na wa kugawia majirani. Chini yake waliishi pia sisimizi wekundu wenye taya ndefu. Hao ndio waliomleta Nurdini, mtafiti kijana kutoka Dar es Salaam.

Nurdini alipojitambulisha kuwa ni Mzaramo, Eustadia alicheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Kwao tusi ni ukarimu.

"Kumbe mtumwa wangu! Umerudisha pembe za ndovu walizotuibia babu zako?"

"Nimekuja kukagua mizigo, mpagazi mzee we!"

Barazani, Nurdini alimgandisha sisimizi kwa nta kwenye pini, akamsogezea ukanda mwembamba wa kioo. Taya zilifyatuka; jicho halikuona kitu. Kamera ya kupunguza mwendo ndiyo iliyoonyesha kioo kikipinda, na kwa kiasi cha kupinda huko alikokotoa nguvu ya pigo.

"Msuli hukazwa polepole huku taya zimezuiwa," alieleza. "Kizuizi kikiachia, nguvu yote hutoka kwa mkupuo."

"Kama mtego wa panya," alisema Eustadia.

Akampa ruhusa kwa sharti moja: achukue wanaotoka nje tu, jembe lisiguse kichuguu. Nurdini akaapa kwa utani wao.

Kisha Eustadia akaenda Ziba kumzika shangazi yake. Aliporudi alikuta shimo, na udongo umetapakaa. Jembe lilikuwa limefika hadi chumba cha malkia wa mchwa.

"Nilihitaji kundi zima la sisimizi, bibi," Nurdini alisema, akijaribu kutabasamu. "Mtani akichukua kuku wako, unakasirika?"

"Mtani huchukua nikimwona. Mimi nilikuwa msibani. Msibani mtani huja kuzika. Wewe ulibaki kufukua."

Mvua za kwanza ziliponyesha, kumbikumbi waliruka kwa jirani yake, Koleta. Shimo la Eustadia lilijaa maji. Wiki hiyo Nurdini alipiga simu.

"Mtumwa wangu, bado unapumua?"

"Shikamoo, bwana," alijibu Eustadia, aliyelingana kwa umri na bibi wa Nurdini.

Nurdini alicheka, akasubiri tusi lifuate. Halikufuata.