Utoro wa Kadi Sitini na Mbili

Miaka ile ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na hata meneja tulimwita Ndugu Meneja, nilikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha nyavu, Mwanza, ukingoni kabisa mwa ziwa. Kazi yangu ilikuwa kadi. Kila mfanyakazi alikuwa na kadi yenye namba, na kila asubuhi wasimamizi waliniletea karatasi ya waliokuja na wasiokuja, nami nikaandika. Watu hudhani hiyo ni kazi ya kusinzia. Ni kweli, nilisinzia sana. Dirisha langu lilitazama majini, na ikifika saa nne asubuhi ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, huoni kimoja kinaishia wapi. Ukitazama sana unasahau kama umekaa kwenye kiti.

Basi akaja meneja mpya, mtu wa Bukoba, msomi, shati limepigwa pasi mpaka basi. Wakubwa wake wa Dar es Salaam walimwagiza apunguze utoro, maana idara ya kufunga nyavu, wanawake watupu, ilikuwa inakosa watu hovyo. Kamati ya wafanyakazi ilikuwa na dawa yake tayari: watoro wafukuzwe.

"Ndugu Karani," meneja akaniambia, "kabla sijamfukuza mtu nataka kujua. Nichoree mwaka mzima. Ila tumia namba za kadi, majina usiyaguse. Sitaki tupendelee mtu."

Nilifurahi, jamani! Tangu nimalize shule hakuna aliyewahi kunituma kufikiri. Nikaunganisha karatasi za kufungia marobota, nikazitandika sakafuni, siku zikienda upande, namba za kadi zikishuka chini. Asiyekuja kazini, nukta nyekundu. Wiki tatu nilitembea kwa magoti juu ya mwaka ule, viatu nimevua, mawimbi yakigonga mawe nje ya dirisha. Ikafika mahali hata nikifumba macho naziona nukta, zinaelea.

Siku moja nikapanda juu ya kiti kufunga dirisha, vijidudu vya ziwani vilikuwa vinaingia kama moshi. Nikatazama chini. Looo! Nukta hazikutapakaa hovyo. Zilikuja kwa mafungu, zikapotea, zikaja tena, jedwali zima likiwa linapumua pale sakafuni. Mimi ni Mkerewe, nimezaliwa Nansio, kisiwani. Nikahesabu siku kati ya fungu na fungu, nikacheka peke yangu. Lilikuwa giza la mwezi. Mwezi usipokuwepo ndipo taa zinapovuta dagaa, na mitumbwi ikirudi alfajiri, nani wa kuwaanika? Wanawake wale wale.

Kwenye mkutano nikalitundika jedwali ukutani, nikaeleza. Mwenyekiti wa kamati akapiga meza. "Kumbe mtoro ni mwezi? Tumwandikie barua basi!" Watu wakaangua kicheko.

Meneja hakucheka. Akauliza, "Dagaa wanaanikwa mpaka saa ngapi?"

"Saa nne wameshatandazwa wote, ndugu."

Akakata shauri pale pale: siku za giza idara ianze kazi saa nne na nusu na kutoka jioni zaidi, siku za mbalamwezi saa za kawaida. Wanawake wengi ambao walikuwa wafukuzwe wakapona. Nilijiona nimekuwa mtu, kichwa kikavimba, sitaficha.

Kisha kidole cha meneja kikasimama kwenye mstari mmoja. Kadi sitini na mbili. Nukta zake hazikufuata giza wala mbalamwezi. Mbili hapa, tatu pale, tano kule.

"Na huyu?"

"Huyu hafuati kitu," nikasema. Maneno hayo ni yangu, yametoka kinywani mwangu.

"Basi huyo ndiye mtoro mwenyewe," akasema mwenyekiti. Msimamizi wa idara, aliyekaa nyuma kabisa, akakohoa, akatazama viatu vyake.

Kadi sitini na mbili ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa Mabatini, mjane, mwepesi wa kufunga fundo kuliko wote. Siku aliyochukua barua yake ya kufukuzwa alipita chini ya dirisha langu na kapu mkononi. Nilimjua. Roho iliniuma, lakini nikajiambia jedwali halina chuki na mtu, nikarudisha macho kwenye maji.

Saa mpya za kuanza kazi zilifaa ajabu. Wageni wakaja kutazama jedwali langu, wakatikisa vichwa. Meneja akanogewa, akataka sasa nichore na ruhusa za msiba za kiwanda kizima. Sheria ilikuwa wazi: aliyefiwa alipewa siku zake, wengine walibaki kazini. Nikachukua wino wa bluu, nikaanza kutia nukta juu ya karatasi ile ile, faili mapajani, usingizi wa mchana ukininyemelea.

Nukta ya kwanza ya bluu ikaangukia siku ambayo kadi sitini na mbili hakuwepo. Ya pili vile vile. Nikasugua macho. Msiba wa Magu, hayupo. Msiba wa Misungwi, hayupo. Kila tulipofiwa, sitini na mbili hakuwepo kazini. Nikafunua hati iliyofuata kwenye faili, ikawa yangu mwenyewe: siku tano, Nansio, kufiwa na baba. Nikatazama mstari wake. Nukta tano nyekundu.

Nilimwona kule kwa macho yangu mawili! Alishuka melini na kapu la mchele, akalala mkekani na mama yangu siku zote tano, akamshika kiuno pale kaburini asianguke. Nikadhani ameomba ruhusa. Nikarudi Mwanza, nikavua viatu, nikapiga magoti, nikamtia utoro wa siku tano. Ee Mungu wangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Sikungoja kesho. Nilimkuta Mabatini kibarazani, anashona wavu wa mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamuuliza. Akanieleza bila haraka, sindano ikienda. Idara nzima isingeweza kwenda msibani, kazi ingesimama, kwa hiyo walikubaliana wampeleke mmoja kwa niaba ya wote. "Mimi sina mume wa kumpikia. Tena najua Kikerewe, Kisukuma, na Kihaya cha kuombea maji. Wakasema basi, nenda wewe."

"Mbona hukusema, mama? Mbona wenzako hawakusema?"

"Niliwakataza. Tungesema, wangepiga marufuku. Halafu mtu amzike mama yake, kiwandani asitoke hata mmoja? Na wewe ningekuambiaje, kwamba nilikuzikia baba? Hayo ni masimango. Nyamaza tu, mwanangu."

Mimi, ninyamaze? Kichwa changu kigumu, waulizeni kwetu. Kesho yake nilimtandikia meneja jedwali mezani, bluu na nyekundu. Alilifuata kwa kidole, nukta kwa nukta, akavua miwani.

"Na mimi nikifiwa, huko Bukoba, angekuja?"

"Angekuja, ndugu."

Akaagiza aletewe nakala ya ile barua, akaifuta kwa saini yake. Kamati ilibisha siku mbili, kisha ikakubali kwamba kila idara itume mtu mmoja msibani na ahesabiwe yuko kazini.

Mama alirudi Jumatatu. Alipokuja ofisini kutia saini alinikuta sakafuni na wembe, nakwangua wino mwekundu kwenye mstari wake. Nilikuwa nimefika kwenye zile tano za Nansio. Akachuchumaa taratibu, akanishika mkono.

"Hizo ziache."

"Zinakusingizia, mama."

"Hazinisingizii. Siku hizo kweli sikuwa kazini," akasema. "Nilikuwa kwenu."